Lenzi Ndefu ya Ayuen

Lodwar, 19 Januari 2025

Mjomba Josiah,

Ejoka. Babu bado anakataa kuvaa miwani? Mwambie mama kwamba shuka limefika na sijalipoteza kama lile la kwanza. Huku maji ya bwenini yalirudi Jumatano, na wasichana wa kidato cha pili walipiga vigelegele kama wako harusini. Mimi ni mzima, ila kooni nina vumbi la Lodwar lote.

Sasa jambo lenyewe. Uliniahidi kamera nikiingia watatu bora, nami nimekuwa wa pili. (Wa kwanza ni Sellah, anayeota hesabu hata usingizini.) Madam Maryanne wa jiografia ameanzisha chama cha kupiga picha, na kamera zetu atazifungia kabatini mwake, kwa sababu bwenini haziruhusiwi kama vile simu. Ulisema Ayuen, yule mpiga picha wa kambi ya wakimbizi, anauza vitu vyake kabla ya kwenda Kanada, na kwamba ana lenzi tatu lakini atatuachia kamera na lenzi moja tu. Basi nikaenda maktaba. Kuna kitabu kimoja cha upigaji picha, hakina jalada. Nimekisoma mara mbili na sasa najua machache kuliko nilivyojua kabla.

Kwa nini namba ndogo ya f ndiyo tundu kubwa la kupitisha mwanga? Na lenzi ikiandikwa 300, ni 300 ya nini? Mimi nilidhani ni mita, kwamba inaona hadi mita mia tatu kisha inachoka. Sellah amenicheka siku mbili.

Lakini swali langu hasa ni hili. Kuna mtu nataka kumpiga picha mwaka huu. Siwezi kumwambia asimame wala acheke. Yeye atakuwa upande wa pili wa barabara, mimi upande huu, na sitaki anione. Ni mtu ambaye nyumbani kwetu hatuna picha yake hata moja. Kwa mtu kama huyo, lenzi ipi?

Ni mimi,
Nakeno Namuar


Kakuma, 2 Februari 2025

Nakeno, wa pili wetu,

Ejok nooi. Barua yako nimeisoma mbele ya wateja wawili waliokuja kupiga picha za pasipoti, mmoja akauliza kama nimefiwa, maana nilikuwa nimekunja uso. Nilikuwa natafuta tu namna ya kueleza tundu. Babu hataki miwani. Anasema dunia ameshaiona. Mama yako anapika bado kule shule ya msingi, na wiki jana alinituma nimtafutie sufuria kubwa kuliko mlango wa jiko lao.

Nilikwenda kwa Ayuen. Ameweka lenzi zake kwenye mkeka kama nyanya za sokoni. Nikamweleza habari yako.

"Msichana anataka kupiga ndege?" akauliza.

"Mtu."

"Mtu ana miguu, Josiah. Si amfuate?"

"Ana haya."

"Wallahi, basi mpe hii fupi," akasema. "Haya haiponi ukiwa mbali."

Sasa sikiliza. Ya kwanza ni ile ndogo ya 18 hadi 55, inayokuja na kila kamera. Inafanya kila kitu na haifanyi chochote vizuri sana. Ya pili ni 50, haivuti mbele wala nyuma, lakini tundu lake ni kubwa na hata ndani ya nyumba yenye giza itakuona. Ya tatu ndiyo hiyo ya kuvuta, 70 hadi 300, nzito kama mchi. Namba ya f ni ya kugawanya, kama chungwa: ukiligawa kwa mbili unapata kipande kikubwa kuliko ukiligawa kwa nane. Na 300 si mita. Ni milimita, na ikiwa kubwa inabana dunia mpaka kitu kimoja tu kinabaki.

Chukua 50. Ukiwa na lenzi hiyo itabidi umsogelee mtu, umsalimie, umwambie jina lako. Hivyo ndivyo mimi nilivyojifunza kazi hii.

Tena soma vitabu vya shule pia, si hicho kisicho na jalada peke yake.

Mjomba wako,
Josiah


Lodwar, 16 Februari 2025

Mjomba,

Ejoka. Nimefurahi kusikia habari za sufuria. Hapa tumefanya mtihani wa katikati ya muhula na Sellah ameniacha kwa alama nne. Mlinzi wa getini anakusalimu. Anasema lori la mboga la Levis likichelewa, barua zetu zinanuka kabichi.

Asante kwa maelezo ya milimita. Sasa tundu naelewa, au nadhani naelewa. Lakini hukunijibu. Nilisema sitaki anione, nawe umenichagulia lenzi ya kumsogelea. Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali uliponijibu.

Labda sikueleza vizuri. Mwezi wa Juni Madam Maryanne atatupeleka kuona bwawa la Turkwel, na basi litasimama Kainuk. Desemba mama alikuwa nje akimsuka jirani yetu Akuch, nami nilikuwa ndani nikijifanya nasoma. Mama alisema: "Siku hizi yuko Kainuk. Askari wa akiba. Hukaa penye kizuizi cha barabara na kofia ya kijani, na bado husimama kwa mguu mmoja kama yuko malishoni na mbuzi." Akuch akauliza, "Na mtoto anajua?" Nilisikia kitana tu.

Kwa hiyo siyo mtu yeyote. Sitaandika ni nani kwangu. Wewe unamjua, na jina langu la pili ni la Babu, si la kwake. Sitaki kitu kutoka kwake. Nataka tu kujua kama pua hii nimeitoa huko, maana mama hana pua hii, nawe huna.

Tafadhali, ile ndefu.

Nakeno


Kakuma, 23 Machi 2025

Nakeno,

Usinilaumu kwa kuchelewa. Levis aliikalia barua yako majuma matano chini ya kiti cha lori. Ameniletea leo, na kweli inanuka kabichi. Mvua imenyesha hapa siku moja, lagha, ule mto mkavu, ikajaa, watu wakakaa ng'ambo mpaka jioni. Babu amepoteza mwana-mbuzi mmoja lakini anasema alikuwa mpumbavu.

Ayuen ameondoka. Lenzi ndefu imeshauzwa. Aliichukua Mkongo mmoja anayepiga picha za harusi kambini. Nimekununulia kamera na ile 50. Ipo hapa, utaichukua ukifunga shule. Kwa kuwa kamera yenyewe ina kihisi kidogo cha mwanga, 50 hiyo itabana kidogo, kama ingekuwa 75. Kwa hiyo umepata ndefu kidogo bila kuitafuta.

Kuhusu lile lingine. Unajua desturi yetu. Mwanamume asiyemaliza mahari hana mtoto. Mtoto ni wa baba ya mama yake, na shughuli zake ni za mjomba. Fomu zako zote tangu chekechea nimesaini mimi. Picha yako ya kwanza niliipiga mimi, ukilia. Pua ni pua.

Josiah


Lodwar, 11 Mei 2025

Mjomba,

Ejoka. Nilifika salama baada ya likizo, na kamera iko kabatini kwa Madam. Nimempiga picha mpishi wa shule na lenzi ya 50. Nilizunguka jiko mara tatu ndipo nikamsalimia, na jasho lilinitoka mpaka kioo kikapata ukungu. Akasema, "Piga basi, ugali unaungua!" Picha ni nzuri. Macho yake yanaonekana mpaka kope. Naona sababu ya wewe kuipenda.

Lakini kuna jambo silielewi, na tulikaa studio moja Aprili yote bila mmoja wetu kulitaja. Siku uliyonituma nilete kile kitambaa cha buluu cha nyuma ya wateja, nilikuta mfuko mweusi kabatini. Niliufungua. Ilikuwa lenzi ya kuvuta, 70 hadi 300, na kwenye kifuniko Ayuen ameandika jina lake kwa kalamu nyeupe.

Nikaurudisha mfuko. Ukaniuliza, "Mbona umekawia?" Nikasema kitambaa kilikuwa kimekunjamana.

Sina hasira, Mjomba. Ni kwamba sielewi. Kama hukutaka niwe nayo, mbona hukumwachia huyo Mkongo? Na kama uliinunua, uliinunua kwa ajili ya nani? Nimejaribu kulipanga jambo hili kama hesabu na linakataa kutoka.

Safari ni tarehe 14 Juni.

Nakeno


Kakuma, 8 Juni 2025

Nakeno,

Sote wazima.

Nilikudanganya. Hakuna Mkongo. Niliinunua lenzi ile ili mtu mwingine asije akakuuzia, kisha nikaificha, na kila nikifungua kabati najiona mjinga. Usiniulize zaidi.

Nimempa Levis akuletee, imefungwa ndani ya blanketi. Ni nzito, kwa hiyo egemea kitu. Usipige polepole kuliko sehemu moja kwa mia tano ya sekunde, la sivyo mtikisiko wa mkono utaonekana kwenye picha. Jua la saa sita linatia weusi machoni, basi ngoja asogee kivulini. Shusha pumzi, kisha bonyeza.

Josiah


Lodwar, 22 Juni 2025

Mjomba,

Ejoka. Sijaumia, nakuambia mapema. Sellah anakusalimu, na bwawa la Turkwel ni kubwa, nimeandika insha ya kurasa sita juu yake. Sasa nikusimulie.

Basi lilisimama Kainuk saa nne asubuhi. Madam Maryanne alisema tuna dakika ishirini za kununua maji na tusiende mbali. Nikamwambia nataka kupiga ndege. Nilijificha nyuma ya magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara, nikalaza lenzi juu ya gunia kama ulivyoniambia, nikavuta mpaka 300.

Nilimwona mara moja, kwa ule mguu mmoja. Kofia ilikuwa imeshuka, nikangoja ageuze kichwa. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi wengi wakishuka mtoni, nami nikawa nahamisha lenzi, kwake, kwa mbuzi, kwake tena, nikitafuta mwanga.

Ghafla mwanamke mwenye makaa akapiga kelele. "Wewe! Unapima mbuzi za watu na hiyo bomba?"

Watu walijaa kabla sijasimama. Mmoja alinishika mkono. Walisema wiki mbili zilizopita vijana wawili walikaa mlimani na darubini, wakisema wanatazama ndege, na siku ya tatu mbuzi wa boma zima wakaibwa. Nami nilikuwa nimeshamjibu mwenye makaa kwamba napiga ndege!

"Ni mwanafunzi, hamwoni sare?" Madam Maryanne akapaza sauti akija mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Hata sisi tunaweza kushona sare, madam!"

Ndipo yeye, yule wa kofia ya kijani, akavuka barabara na bunduki begani. Wakampisha. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Namuar," nikasema. "Wa Kakuma."

"Namuar ana watoto wengi."

"Wa Nakuleu," nikamtaja mama.

Akavua kofia. Hapo nikaogopa kuliko wakati wa kelele, nikataka kusema chochote. Basi nikamwambia lenzi hii ni 70 hadi 300, na tundu lake ni f 4 ikiwa fupi na 5.6 ikiwa ndefu. Mjomba, hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia maishani. Tangu siku hiyo nikiyakumbuka nafunika uso na blanketi.

Akaichukua kamera, akachungulia ng'ambo ya mto. "Eeh," akawaambia wale watu. "Ukiwa na hii unahesabu mpaka masikio." Wakacheka, yule akaniachia mkono. Kisha akanirudishia. "Ulikuwa unapiga mbuzi au unapiga mimi?"

"Wewe."

"Basi piga."

Nikainua kamera. Lenzi ikazunguka mbele, ikarudi, ikazunguka, ikakataa. Kitabu hakikuniambia hili, wala wewe: lenzi hii haioni kitu kilicho karibu kuliko hatua mbili. Yeye alikuwa hatua moja. Niliona rangi ya ngozi tu, kama ukuta.

"Rudi nyuma kidogo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mashine inakataa. Uko karibu sana."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alitazama nyuma yake barabarani, kisha akanitazama.

"Iache ikatae," akasema. Akabaki palepale.

Basi likapiga honi. Lenzi ya 50 ilikuwa ndani ya begi, ndani ya basi. Madam akanivuta mkono, na yule mtu akatembea nami mpaka mlangoni. Akasema, "Msalimie Josiah. Muulize kama mlango umefunguka." Nikauliza ni mlango gani. Akasema, "Yeye anaujua."

Kwa hiyo sina picha. Pua sikuitazama, niliisahau kabisa. Nilikuwa natazama f.

Mjomba, ni mlango gani?

Nakeno


Kakuma, 6 Julai 2025

Nakeno,

Mama yako anajua. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama umekonda.

Kwanza nikiri kosa langu. Kila mtu wa huku anajua huwezi kuelekeza kitu kirefu kwa mbuzi za watu Kainuk ukiwa umejificha. Mtoto aliyelelewa mjini ndiye asiyejua. Nilikueleza habari za kivuli na pumzi, na la Kainuk nikaliacha, kwa sababu sikutaka kuandika neno Kainuk kwa mkono wangu. Wangeweza kukuumiza. Silali vizuri.

Sasa mlango. Ni wa studio. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa hujaanza kutembea. Alileta nusu ya mbuzi wa mahari, na ile nusu nyingine ikaibwa njiani mwaka uleule. Babu alimwambia arudi ikitimia. Mara ya pili ulikuwa darasa la nne. Alikuja mikono mitupu, akasema haji kuchukua mtoto, anataka kumwona tu. Babu hakuwepo. Aliyesimama mlangoni ni mimi. Nilimwambia arudi nyuma, akarudi. Wewe ulikuwa ndani, nyuma ya kile kitambaa cha buluu, unasoma.

Nilidhani akikuona, utakuwa wake. Sikuwa na kitu kingine cha kuhofia, ni hicho tu.

Josiah


Lodwar, 20 Julai 2025

Mjomba,

Nimeisoma mara nne. Nikiisoma asubuhi nakukasirikia, nikiisoma jioni nakuonea huruma, na Sellah ananiuliza mbona sili. Nilidhani nikijua, mambo yote yatanyooka, kama swali la fizikia ukishapata kanuni.

Hukumjibu yule mtu. Aliuliza kama mlango umefunguka. Nilikuwa mjumbe tu, na sina jibu la kupeleka.

Tunafunga tarehe 1 Agosti. Akija, nitamwitaje?

Nakeno


Kakuma, 31 Julai 2025

Nakeno,

Naandika haraka, Levis ameshawasha lori. Kesho ukifunga shule usipitie kwa kina Sellah. Njoo moja kwa moja.

Nilimtumia neno Kainuk: mlango uko wazi, aje na mbuzi au bila mbuzi. Babu alinung'unika siku mbili, kisha akaomba miwani. Amuria, ndilo jina lake, amefika jana mchana. Amekaa kwenye benchi la wateja na hataki kusogea. Mama yako alimpelekea chakula na kusimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kuweka sahani.

Leo asubuhi, kwa kuwa sikujua tuzungumze nini, nilimuuliza kama anataka picha. Akasema hapana, anamngoja mpigaji wake.

Unauliza utamwitaje. Mimi nimemwita "wewe" tangu jana. Na ukifika usiniulize habari za lenzi. Miaka ishirini ya kazi hii, na sijui mtu wa namna hii hupigwa picha kwa ipi.

Mjomba wako,
Josiah